Nitakaaje kwenye tamasha la shule kutoka asubuhi hadi jioni?

Swali: "Mwalimu, salamu kutoka Jinja, Uganda. Nina duka la vitambaa na watoto watatu, wote shule moja: mmoja chekechea, mmoja P.3 (darasa la tatu la msingi), mmoja P.6. Kila mwisho wa mwaka shule hufanya tamasha. Kadi husema saa tatu asubuhi, mambo huanza saa tano, nasi hutoka karibu saa kumi na mbili. Wanangu wote watatu ukiwajumlisha hawafiki nusu saa jukwaani. Mwaka jana nilisinzia kitini, na binti yangu wa P.3 akaniona. Usiku alilia, akasema sikutaka kumtazama. Tamasha jingine ni mwisho wa Novemba. Nampenda mwanangu, lakini siku ile hunishinda. Nifanyeje?"

Dada yangu, nianze na kilio cha binti yako, kwa kuwa ndicho kilichokufanya uandike. Mtoto wa P.3 akipanda jukwaani hutafuta sura moja kati ya mamia. Kazi yangu ni kufundisha muziki na ngoma katika shule za msingi, na wakati wa mashindano hukaa meza ya waamuzi, kwa hiyo nyuso zao huziona kwa karibu. Kabla ngoma haijalia, macho yanazunguka chini ya mahema. Aliyempata mtu wake, mabega hushuka na pumzi hutulia. Asiyempata huendelea kutafuta huku anacheza, na mara nyingi huyo ndiye anayekosa zamu yake. Binti yako alikupata, akakuta umefumba macho. Hilo linauma, na linatibika.

Zungumza naye siku kadhaa kabla ya tamasha, si asubuhi ile mnapokimbizana na soksi na pasi. Mwambie kweli: siku ilikuwa ndefu, usingizi ukakushinda, na hukuwa umemchoka yeye. Usijitetee kwa maneno mengi. Kisha mpe kitu cha kutegemea. Wewe unauza vitambaa, basi chagueni pamoja kilemba cha rangi atakayoitambua kutoka mbali, na mkubaliane utakaa upande gani wa jukwaa. Mtoto anayejua pa kutazama hupanda na hofu nusu. Mwulize pia anacheza nini, anasimama mstari wa ngapi, anashika nini mkononi. Majibu hayo utayahitaji.

Sasa tuje kwako. Kabla ya kukuambia ufanye nini, naomba uelewe kwa nini siku ile ni ndefu, maana mtu akijua sababu ya uchovu wake huubeba vizuri zaidi. Tamasha la mwisho wa mwaka halina mtu wa kulipunguza. Kila mwalimu wa darasa ameandaa kipengele chake, na kila mzazi ametoa mchango wa mavazi, kwa hiyo hakuna mtoto anayeweza kuachwa nje. Kuanzia chekechea hadi P.7, na madarasa mengine yana mikondo miwili au mitatu, vipengele hujazana. Halafu watoto wenye vipaji ni walewale: yule aliyetoka kucheza larakaraka na manyoya kichwani ndiye anayetakiwa kurudi na ngozi kiunoni kwa bakisimba, na kumvua na kumvika huchukua muda kuliko ngoma yenyewe. Juu ya hayo kuna mgeni rasmi, ambaye bila yeye hakuna kinachoanza. Akifika ndipo unaimbwa wimbo wa taifa, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa shule, na mahali pengine wimbo wa ufalme pia, kisha dua, kisha hotuba ya mwalimu mkuu, ya mwenyekiti wa wazazi, ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Chekechea wakihitimu kwa majoho na kofia, kila mmoja huitwa kwa jina na kupigwa picha.

Hapo kwenye wimbo wa Jumuiya nina ombi dogo kwako. Wimbo ule ni wa Kiswahili, na wazazi wengi wanaokuzunguka huumumunya tu. Wewe uimbe kwa sauti, maneno yatoke kamili. Watoto waliosimama karibu nawe watakufuata, nawe utakuwa umeianza siku ukiwa umeamka.

Hata hivyo saa zile nyingi siyo mzigo mkubwa. Mzigo ni namna ya kukaa. Mzazi akikaa kama abiria anayesubiri basi moja, mengine yote yanayopita huwa ni kelele na vumbi. Saa nyingi za kusubiri zitamlaza mtu yeyote. Na hapa ndipo nina jambo la kukuambia kwa moyo wangu wote: ngoma zetu hazikutungwa kwa mtu aliyekaa kimya akisubiri. Zilitungwa kwa uwanja ambao kila aliyesimama pembeni ana kazi: kuitikia, kupiga makofi, kupiga vigelegele, kuingia na kutoka. Shule ilipozipandisha jukwaani, wachezaji walibaki na kazi zao, ila sisi wazazi tulipewa viti vya plastiki na kuambiwa tutulie. Irudie kazi yako. Ukiwa na cha kutazama katika kila kipengele na cha kufanya katika vingi, usingizi hautapata pa kuingilia.

Nikueleze ninavyotazama mimi, maana mwamuzi naye hukaa kutwa nzima na haruhusiwi kusinzia. Siri yake ni kwamba hatazami kila kitu. Katika kila ngoma anajua mahali pa kuweka jicho.

Ikija bakisimba ya Waganda, anza na nyayo. Anayeijua vizuri, kifua na mabega yake hutulia, mikono imefunguka, na kazi yote iko miguuni na kiunoni. Usitazame tabasamu kwanza, tazama nyayo zinavyonyanyuka kidogo tu kutoka ardhini. Kisha sikiliza mabadiliko: ngoma zikiharakisha, wanaingia nankasa, na baadaye muwogola, ambapo kiuno ndicho kinachosema. Watoto hawahesabu kichwani, wanangoja ishara ya mpigaji. Kwa hiyo geuza macho kidogo uwatazame wapigaji. Kuna embuutu, ile kubwa inayobeba mdundo; empuunyi, yenye sauti nzito; namunjoloba, ndogo, inayopigwa kwa vijiti; na engalabi, ile ndefu iliyozoeleka kuwambwa ngozi ya kenge na kupigwa kwa viganja. Mtoto wa P.6 anayeshika engalabi ana jukumu zito kuliko wote walio jukwaani, na ni wazazi wachache sana wanaomtazama.

Larakaraka ya Waacholi ni ngoma ya vijana wa kuchumbiana. Wavulana hushika kata za kibuyu na kuzipiga kwa spoki za baiskeli, na sauti yake ni kavu na ya haraka. Tazama shingo na vichwa, na tazama wanavyosikilizana: mmoja akichelewa, kata zote hugongana ovyo na utasikia mara moja. Runyege ya Wanyoro na Watooro nayo ni ya uchumba, na hapo msikilize mvulana zaidi ya kumtazama, kwa sababu njuga alizofunga miguuni ndizo ala yenyewe. Akikosea hatua, amekosea na muziki. Katika ekitaguriro ya Wanyankole, mikono iliyoinuliwa ni pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole. Tazama kama mikono ile inabaki juu hadi mwisho au inaanza kushuka kwa uchovu. Mtoto anayeihimili hadi mwisho amefanya kazi kubwa mno ya misuli, naye anastahili kigelegele chako.

Na kwa kuwa uko Jinja, Busoga yenyewe, nakuombea bahati ya kukutana na bigwala. Hizo ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, na kila moja hutoa sauti moja tu. Hakuna mtoto mwenye wimbo mkononi. Kila mmoja ana noti yake, na wimbo huzaliwa pale kila mmoja anapoingia kwa wakati wake na kunyamaza kwa wakati wake. Zilikuwa za sherehe za ufalme, kutawazwa na maziko ya wafalme. Mwaka 2012 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu waliokuwa wakizijua walibaki wazee wachache. Tangu hapo vijana wamefundishwa tena, kuanzia kuotesha vibuyu vyenyewe hadi kuvipuliza. Shule ikileta bigwala, chagua mtoto mmoja na umfuate huyo peke yake mpaka mwisho. Utamwona anavyohesabu kwa kidole au kwa unyayo. Nakuahidi hutasinzia.

Marimba ya amadinda yana siri kama hiyo. Yana mbao 12, na watoto wawili hukaa wakitazamana, mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Wimbo unaousikia haupo kwa huyu wala kwa yule. Halafu wa tatu huja na kuokota baadhi ya noti juu kabisa, kwenye mbao mbili za mwisho. Jaribu kumsikia mmoja tu kati ya wale wawili. Ni vigumu, na ndiyo raha yake.

Kwa hiyo ngoma zitakapokuja, usikae bure. Piga makofi katika mdundo wa ngoma kubwa, maana kuikimbilia ile ndogo kutawayumbisha watoto. Kiongozi akiimba mstari na kundi likaitikia, nawe itikia. Hata kama hujui Lusoga au Lugwere, kiitikio hurudiwa mara nyingi na utakishika kabla wimbo haujaisha. Mwenzako wa kiti cha pili atakuambia maana yake, na hapo mtakuwa mmeanza kuzungumza. Vigelegele vipige pale mchezaji anapotoka mbele peke yake, kwa sababu ndipo anapovihitaji.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na kutuza ni kazi ya mtazamaji pia. Beba sarafu na noti ndogo ndogo, za elfu moja zinatosha, ili uweze kunyanyuka mara kadhaa badala ya mara moja kwa noti kubwa. Kule kunyanyuka kunaamsha damu. Ila kuna adabu zake. Subiri mstari utulie, usikate katikati ya watoto wanapobadilisha mpangilio. Kama shule imeweka kikapu, tia kikapuni. Usimbandike mtoto noti usoni, jasho linamwingia machoni na noti inamziba. Na usimtuze wako peke yake. Kuna mtoto pale ambaye anayemlea ni bibi aliyebaki kijijini, au hakuja mtu kabisa. Huyo mtafute kwa macho, utamjua kwa namna anavyoacha kutazama mahemani. Mtuze huyo kwanza.

Vipengele vingine vinataka kimya, na hapo kazi yako ni sikio. Kwaya inapoimba wimbo wa sauti nne, sikiliza sauti za chini. Wengi hufuata ile ya juu kwa sababu ndiyo yenye wimbo, lakini ubora wa kwaya ya shule uko kwa wale wa sauti ya pili, ambao hujifunza mstari usiokaa kichwani kirahisi na kuushika huku mwenzao wa kulia anaimba mwingine. Tazama pia wanavuta pumzi lini. Kwaya iliyofundishwa vizuri haivuti pumzi yote kwa pamoja katikati ya neno.

Shairi la Kiswahili ndilo ambalo wewe, dada yangu, unaweza kulisikiliza kuliko karibu kila mtu hemani. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, nakutana na watoto wengi zaidi wanaolighani. Mara nyingi huwa ni tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kisha nane, na vina katikati na mwishoni. Mtoto aliyekaririshwa tu hukimbia mshororo mzima kwa pumzi moja na kukizika kina cha kati. Aliyelielewa hutua kidogo baada ya mizani ya nane. Ukimsikia ametua, tikisa kichwa umwonyeshe kwamba umesikia. Mtoto anayeghani Kiswahili mbele ya watu ambao wengi wao hawakifuati anasoma kila dalili ya uso, na kichwa kimoja kinachotikisika kina thamani kubwa kwake. Makofi yasubiri ubeti wa mwisho.

Michezo ya kuigiza ndiyo migumu zaidi kuivumilia, nakiri hivyo kama mwalimu. Huwa mirefu, maiki ni moja na inapita mkono kwa mkono, na mtoto akigeuza mgongo neno lote linapotea. Habari huwa ni zilezile tunazozijua: binti anayeozwa mapema, baba mlevi, kijiji kisichonawa mikono. Ushauri wangu ni huu: usihangaike kufuata kila neno. Mtazame yule asiyesema. Jukwaani kuna mtoto aliyepewa kuwa jirani, au askari wa mlangoni, au mgonjwa kitandani, na kwa dakika kumi na tano kazi yake ni kubaki yule jirani au yule mgonjwa. Wapo wanaoweza, na kipaji hicho ni adimu. Tazama pia pembeni ya pazia, utamwona mwalimu anayeyatamka maneno yote kimyakimya pamoja nao.

Nije kwenye mwili, kwa kuwa moyo ukitaka na mwili ukakataa, mwili hushinda. Kati ya saa saba na saa kumi mchana binadamu hupungukiwa na uchangamfu hata kama hajala kitu. Ongeza wali na nyama ya mchana, joto la hema, gomesi (lile gauni letu refu la sherehe) na mkanda wake mzito, na usiku uliotumia kunyoosha mavazi ya watoto watatu, basi kusinzia kwako mwaka jana kulikuwa jambo la maumbile. Maliza mavazi siku mbili kabla, ulale. Asubuhi kula chakula cha kweli nyumbani, chai na chapati au hata roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) njiani, na mchana kula kidogo kidogo: ndizi, karanga, maandazi. Kunywa maji. Gomesi ni vazi la heshima na linapendeza, lakini hakuna mtoto atakayelia kwa sababu mama yake alivaa gauni jepesi la pamba.

Kiti kichague mapema, na ukichague kwa kufikiria jua la saa tisa. Fika uwanjani, tafuta magharibi ni wapi, na usikae mahali ambapo jua la alasiri litakupiga usoni. Kaa ukingoni mwa safu ili uweze kunyanyuka bila kuwasumbua watu. Kila baada ya vipengele vitatu au vinne, toka nyuma ya hema, nyoosha miguu, rudi. Fanya hivyo wakati kipengele kimoja kimeisha na kingine hakijaanza. Novemba ni msimu wa mvua kwetu, kwa hiyo beba leso na sweta la mtoto. Mvua ikija, kila kitu husimama na ratiba inaongezeka saa nzima.

Spika ni jambo ninalotaka ulichukulie kwa uzito. Mashine za kukodi hufunguliwa hadi mwisho, na wazazi wenye watoto wachanga hukaa mbele yake kwa sababu ndiko viti hubaki. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Fanya hesabu utaona kwamba ikifika 100 muda unaobaki ni dakika 15. Kelele yenyewe pia inachosha ubongo, na uchovu wake unafanana na usingizi. Kaa mbali na spika, na kama zimewaelekea watoto wa chekechea walioketi mkekani, mwendee mwalimu umwombe zigeuzwe. Usione haya kusema hilo.

Simu nitaipitia haraka. Rekodi dakika ya kwanza ya mwanao, kisha ishushe. Mtoto anayekutafuta akiona mgongo wa simu hajakuona wewe. Ukisimama kurekodi, simama nyuma au pembeni, maana mama aliye nyuma yako naye ana mtoto. Na picha yenye watoto wa wenzako usiisambaze bila kuwauliza wazazi wao.

Ratiba iombe kwa mwalimu wa darasa siku moja kabla. Haitafuatwa kwa saa, lakini mpangilio wake mara nyingi hufuatwa: chekechea hutangulia kabla hawajalala, madarasa makubwa hubaki mwisho. Kwa watoto watatu utajua wapi nguvu zako zinahitajika na wapi unaweza kutoka kunywa soda. Je, ni lazima ukae mpaka mwisho kabisa? Kwa maoni yangu, hapana, ila usiondoke mara tu wako anaposhuka. Watoto wanaofuata huona viti vikiachwa wazi, na wa P.7 ambao wamemaliza mitihani yao na wanaimba wimbo wa kuaga mara nyingi huimbia hema lililobaki nusu. Kama duka haliwezi kufungwa kutwa, mwambie binti yako mapema: nitakuwepo kuanzia kipengele hiki hadi kile. Ahadi fupi iliyotimizwa ina thamani kuliko kutwa nzima ya mama aliyelala. Na ukiweza, omba kuingia kwenye mazoezi ya mwisho ya mavazi. Shule nyingi haziwakatazi wazazi, hakuna hotuba, na utamwona mwanao karibu.

Usiku mkirudi nyumbani, usimwambie tu kwamba alikuwa mzuri kuliko wote. Mtoto anajua haiwezekani wote wawe wa kwanza. Mwambie ulichokiona: "Niliona mlipobadilisha mstari ukamshika mwenzako mkono asipotee." Hapo ndipo atajua macho yako yalikuwa wazi. Yale majibu aliyokupa kuhusu mstari wake na kitu alichoshika, yatumie sasa.

Pengine atasahau hatua, au atasimama tu akilia. Hutokea kila tamasha. Mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika mwaka 1965 kwamba kutazamwa na watu humsaidia mtu kwa jambo alilolizoea sana na humvuruga kwa jambo ambalo bado ni geni. Ndiyo maana mtoto aliyeimba bila kosa jikoni husahau jukwaani: wimbo bado haujamkaa. Usimuulize kwa nini. Usimcheke wala kuwaruhusu ndugu zake wamwige. Mpe chakula, mwogeshe, na asubuhi ukimkuta anaimba, imba naye. Mwaka ujao waalike majirani wawili watatu sebuleni wiki moja kabla, achezee mbele yao.

Lililobaki haliko mikononi mwako peke yako. Tamasha linaweza kufupishwa, na wazazi ndio wanaoweza kuliomba, kwa sababu mwalimu mkuu anawaogopa wazazi kuliko anavyotuogopa sisi walimu wa muziki. Chekechea wapewe asubuhi yao na mahafali yao, waende nyumbani saa sita. P.1 hadi P.7 waje siku nyingine au mchana. Hotuba ziwe mbili, na mnada wa keki ufanywe wakati watoto wanabadilisha mavazi badala ya kusimamisha kila kitu. Mgeni rasmi aambiwe saa ya kuanza, na asipofika watoto waanze. Shule niliyoipendekezea mpangilio huo iliuchukua, na wazazi walikaa hadi wimbo wa mwisho. Mkutano wa wazazi wa muhula wa tatu hufanyika kabla ya Novemba. Nenda ukiwa na wazazi wenzako wanne au watano mliokubaliana, muombe ratiba iwekwe kwenye ajenda, na muombe mwalimu wa muziki awepo siku hiyo.